Tulipoligeuza Gemu la Ndoo

Vijana wangu, mkikabidhiwa gemu la zamani mlifanye jipya, kitu cha kwanza mnachokimbilia ni kufuta. Nawajua. Mnafungua faili la mtu, mnakuta mistari msiyoielewa, mnasema huyu mzee alikosea, mnafuta, mnaenda kunywa chai. Kesho yake gemu limekuwa gumu kama muhogo wa jana na hakuna anayejua kwa nini. Siwacheki, maana na mimi nilianza hivyohivyo, tena nikiwa na mvi tayari.

Nimestaafu sasa. Macho yamekataa kioo, nami nimeyasikiliza. Nipo hapa Kasulu, nina shamba dogo la maharage upande wa Rungwe Mpya, na karibu kila wiki anapita mmoja wenu kuniuliza Gemu la Ndoo tuliligeuzaje likawa la kushindania mtandaoni, watu arobaini wanaingia, anabaki mmoja. Nimechoka kurudia. Nikirudia huwa naongeza chumvi, kwa hiyo bora niandike mara moja, bila chumvi, au na kidogo tu. Mpangilio msiutegemee.

Kwa wale waliozaliwa juzi: Gemu la Ndoo lilitengenezwa Kibondo na mwalimu wa hesabu anayeitwa Dezideri, kwenye kompyuta ambayo shule yake ilitaka kuitupa. Ndani yake yumo msichana mdogo mwenye ndoo kichwani. Anatoka kisimani bondeni, anapanda mlima kwenda kwao, anaruka mitaro, magogo, na mbuzi waliolala njiani. Ukikosea anaanguka, maji yanamwagika, analia "Yeee!", unarudi kisimani. Basi. Hupigani na mtu. Ni wewe na mlima. Miaka ile hakukuwa na chumba cha gemu kuanzia Kakonko mpaka Kasulu kisichokuwa nalo, na ndani ya kambi ya Nyarugusu watu walilicheza kwa umeme wa jenereta.

Mimi nilikuwa fundi wa televisheni. Chumba cha gemu nilikifungua kwa sababu televisheni nilizotengeneza wenyewe hawakuja kuzichukua, zikanijazia duka. Nikaweka Ndoo kwenye zote nne.

Sasa, msichana wa ndoo alikuwa Yolanda, binti wa Mwalimu. Yolanda hakutembea tangu utoto, miguu yake haikupata nguvu. Baba yake alimtengenezea gemu lile ili na yeye apande mlima. Hadithi hiyo Kibondo nzima waliijua, na kila aliyeisikia alipangusa macho. Na mimi nilipangusa. Ile "Yeee!" ni sauti ya Yolanda mwenyewe, alirekodiwa akiwa na miaka minane kwa redio ya kaseti. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniangusha.

Kuandika programu nilifundishwa na Mwalimu. Kila Jumamosi nilipanda basi kwenda Kibondo, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikakaa kwenye dawati la wanafunzi magoti yakigusa kidevu. Mwalimu hakuwa mpole. Ukikosea alikuwa hasemi kitu, anakutazama tu mpaka unaliona kosa mwenyewe kwa aibu.

Siku moja alinipa faili la Ndoo nilisome. Nikaona mstari unaosema msichana anaweza kuruka hata kama mguu umeshaacha ukingo, ilimradi muda haujapita robo ya kupepesa jicho. Nikaona ni kosa. Utarukaje ukiwa hewani? Nikaufuta, nikarudi Kasulu kifua mbele, nikaweka gemu jipya kwenye televisheni zote. Baada ya siku mbili wateja walianza kurusha pedi za kuchezea chini. Walisema msichana amekuwa mkaidi, hasikii. Nilibadilisha pedi, nikabadilisha waya, nikafungua na televisheni. Jumamosi nikamweleza Mwalimu.

"Ule mstari uliufuta?"

"Niliufuta, Mwalimu. Ulikuwa na kosa."

"Melki, mtu akibonyeza akachelewa kidogo, yeye moyoni ameruka. Usibishane naye. Mwamini."

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijawahi kupewa fundisho linalonifaa zaidi ya hilo. Magemu mengi mnayoyapenda yana msamaha wa namna hiyo ndani yake, hamuuoni tu. Kabla ya kufuta mstari wa mtu, ucheze mchezo siku tatu bila huo mstari, na umpe mwingine aucheze naye. Halafu muulize ana hasira au hana.

Wazo la kuligeuza halikuwa langu. Lilikuwa la Dieme, Mkongo aliyezaliwa Nyarugusu na kujifunzia mambo ya seva hukohuko kambini, kisha akawa mwenzangu kazini. Mimi niliona Ndoo imeshazeeka na mimi. Yeye akaniambia, "Papa Melki, mu hii gemu kila mutu anapanda mulima peke yake. Tuweke batu makumi ine mara moja. Mwenye kubakia wa mwisho, njo mwenye kushinda."

Nikamuuliza nini kitawafanya wasikae tu kisimani wakipiga soga. Tulilifikiria hilo wiki nzima. Mwishowe jibu lilitoka nje ya dirisha, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mtaro wa mbele ya duka ulikuwa umejaa. Tukaweka mvua. Bonde linajaa maji nyuma yako, unapanda au unazama. Mlima wenyewe unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyopanda, kwa hiyo watu wanabanana bila kulazimishwa.

Msidhani iliendelea vizuri. Kwenye gemu la zamani dunia inakungoja. Ukienda kujibu mlango, msichana anasimama na ndoo yake, mbuzi wanalala. Kwenye gemu la wengi dunia haimngoji mtu, na kila kitu kilichopimwa kwa mmoja kinakuwa kidogo. Gogo la kwanza la kuvukia Mwalimu alilipima kwa miguu miwili. Tulipoingiza watu arobaini, thelathini walijaa juu ya gogo hilo wakasukumana, maji yakaja yakawazoa wote. Mchezo uliisha kabla ya sekunde ishirini na mshindi alikuwa mtu wa Gwarama ambaye mtandao wake ulikuwa umekwama, alikuwa hata hajaanza. Alipiga simu kuuliza kwa nini amepongezwa.

Halafu kuna kosa ambalo nadhani lingefanywa na sisi Waha, watu wa Buha, tu. Nilimwambia Dieme haiwezekani watu arobaini wakutane kisimani wasisalimiane. Tukaweka kitufe cha kupiga makofi, kama tunavyosalimiana huku kwetu, na juu ya kichwa cha kila mmoja tukaweka jina lake. Jaribio la kwanza, wachezaji wakaonana majina. Huyu kamwona shemeji yake, yule kamwona mwalimu wake wa zamani, mwingine kamwona katekista. Wakaanza kupiga makofi. Nanyi mnajua salamu zetu, mdogo hawezi kuacha kabla ya mkubwa, na mkubwa akiulizia mama, shamba na mbuzi hamalizi leo. Maji yakapanda yakawakuta wanainamiana. Wote arobaini walizama kwa heshima. Dieme alicheka mpaka akalala sakafuni, akatusema sisi watu wa milimani, "Banyamulima bana adabu ya kufa nayo." Tukahamisha salamu kwenye chumba cha kusubiria, kabla mvua haijaanza, na mpaka leo baadhi ya watu huingia mle kusalimiana tu kisha hutoka.

Kuhusu mtandao nitasema moja tu, maana mengine mtayasoma. Simu ya mtu isingoje ruhusa ya seva, ile kompyuta kuu inayowaunganisha wachezaji, ndipo imrushe. Imrushe palepale alipobonyeza, seva ije kuhakiki baadaye, na kama hawakubaliani, simu imrudishe polepole, isimnyakue. Mtu wa Kakonko mwenye mtandao wa kusuasua ana moyo sawa na wa Dar. Akibonyeza, moyoni ameruka.

Basi turudi kwenye kosa langu kubwa.

Gemu lilikuwa la Mwalimu, na kwetu huchukui kitu cha mtu bila kwenda kukaa kwake. Nikachukua wazee wawili wa kanisani, kreti ya soda na sukari, tukaenda Kibondo. Tulifanya kila kitu kwa taratibu. Tukaongea mvua, tukaongea muhogo ulioshambuliwa na ugonjwa, tukala, tukanawa, ndipo mzee mmoja akakohoa na kusema tuna neno. Nikamweleza Mwalimu kila kitu, watu arobaini, mvua, mmoja kubaki. Nikamwambia sauti ya Yolanda tutaiacha vilevile. Macho ya Mwalimu yakalowa. Akasema, "Mchukueni. Mpelekeni mbali kuliko nilivyoweza mimi."

Yolanda alikuwepo. Hili nimelirudia kichwani mara nyingi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amekaa kwenye mkeka mlangoni pa jiko, anachambua maharage. Alitupokea kwa makofi, akatuulizia safari. Kisha tukazungumza kwa saa tatu juu ya sauti yake, hatua nne kutoka alipokaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza shingo. Niliondoka nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa ng'ombe.

Tuliwapa gemu watu wa Kibondo na Kasulu ili walijaribu kabla ya siku ya kulifungua kwa wote. Siku ya nne simu yangu ikaita.

"Shikamoo, Fundi. Ni Yolanda wa Mwalimu Dezideri."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Nipo hapa dukani kwangu stendi, nasikiliza abiria wanacheza. Leo nimeanguka mara sitini na sijanywa hata chai."

Alikuwa na duka la kutengeneza simu pale stendi ya Kibondo. Nikamwambia gemu linapendwa, nikamwambia watu wanaisifu sauti ile. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Naomba muiondoe, Fundi."

"Lakini baba yako alituruhusu."

"Anayelia mle ni Baba?"

Nikamwambia ni jambo la kiufundi, litachukua muda. Ulikuwa uongo, vijana wangu. Dieme alikuwa amekaa pembeni, aliposikia akaondoa vitu vyake masikioni, akasema, "Papa Melki, unamudanganya dada. Kuitoa iko kazi ya dakika moja." Nilimfokea bure. Kwangu mimi gemu bila sauti ile lilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Na niliogopa Mwalimu angeniuliza mtoto wake nimempeleka wapi.

Nikapoteza wiki nzima hivyo. Siku ya saba niliona aibu, nikapanda basi peke yangu, bila wazee na bila sukari. Nikakaa kwenye benchi la wateja. Yolanda aliniona, akanisalimu, akaendelea kuwahudumia waliotangulia, na alipomalizana nao akahudumia na waliokuja baada yangu. Nilistahili. Mkono wake kwenye risasi ya kuunganishia nyaya ulikuwa mzuri kuliko wangu nilipokuwa kijana.

Hatimaye akazima pasi ya kuunganishia, akanigeukia.

"Unajua ile sauti ilirekodiwaje?"

Nikasema nilidhani walikuwa wanacheza.

"Baba alinibeba mgongoni akawa anakimbia kushuka kilima, ili nijue kukimbia kukoje. Redio kaining'iniza shingoni. Alitaka kurekodi nikicheka. Nilicheka kweli. Halafu akateleza. Niliangukia mawe, Fundi. Ile ni sauti ya mtoto anayeangukia mawe. Kicheko kwenye kaseti hakikusikika vizuri, kilichosikika ni hicho."

"Na akakiweka."

"Alikiweka kwa sababu hakuwa na kingine, na mimi niliinuka nikaketi, nikamwambia sikuumia. Gemu likaenea. Nikipita na baiskeli yangu ya mikono, watoto wote wa Kibondo wananililia, yeee, yeee. Miaka. Baba hajui. Akisikia watu wanalicheza uso wake unang'aa, ningemwambia nini? Likazeeka, wakasahau, nikapumua. Mkalirudisha, na sasa ni watu arobaini kwa mpigo."

Nililia pale kwenye benchi, mtu mzima, mbele ya wateja. Nikampigia Dieme palepale, sauti ikaondolewa kabla sijakata simu. Yolanda akanipa kitambaa cha kufutia vioo vya simu, nikajifuta. Ombi lake lilikuwa moja. Baba yake asijue kwa mdomo wangu.

Nilipokuwa nainuka akaniuliza, "Mtu akishaanguka kwenye hilo gemu lenu jipya, anafanya nini?"

"Anatazama wengine mpaka mwisho, au anatoka."

"Ndiyo maana wanatoka. Hapa stendi nawaona, wakianguka wanazima simu. Mmewahi kumuuliza mtu aliyekaa nje ya mchezo anataka nini?"

Sikuwahi, na sikujua wa kumuuliza, mpaka nilipogundua naongea naye. Akanieleza kwamba utotoni wenzake waliruka kijito nyuma ya shule, yeye akikaa ukingoni. Alichoka kupiga makofi. Akaanza kutazama wanakanyaga wapi, akajua jiwe gani linateleza na wapi pana tope. Akapata fimbo ndefu, akawa anasukuma mawe bapa majini, wenzake wanavukia. Walizoea kukuta jiwe. Hawakugeuka kutazama limetoka wapi.

"Wapeni mawe," akasema.

Tukawapa mawe. Dieme alikuja Kibondo akakaa na Yolanda siku kumi, wakabishana kwa Kiswahili cha aina mbili na kuelewana vizuri kabisa. Tangu hapo ukianguka unajikuta ukingoni mwa mto unaokata njia ya mlima, unapewa jiwe moja kila baada ya muda, na unaweza kulisukuma majini mahali popote. Ukitaka mtu avuke, unamwekea. Huwezi kumdhuru mtu kwa jiwe, Yolanda alikataa katakata. Watu wakaacha kutoka. Wengine wakawa wanajiangusha makusudi ili wakaweke mawe. Mnaponiuliza siri ya gemu lile, siri ndiyo hiyo, na si yangu.

Kabla ya kulifungua kwa wote tulikwenda kumwonyesha Mwalimu, mchana mmoja wa Jumapili. Macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu. Tulimpa simu yenye kioo kikubwa, Yolanda akakaa naye kwenye mkeka na simu yake, Dieme akawaita wachezaji wengine kutoka Kasulu na kambini. Mimi nilikaa kwenye kigoda.

Mvua ikaanza. Watu wakaanza kuanguka kimyakimya. Mwalimu akainua kichwa.

"Yolanda simsikii."

Nilitazama sakafu. Dieme alitazama dari.

"Nipo hapa, Baba," Yolanda akasema. "Nilishakua. Ile nilimwambia Fundi aitoe. Siku ile niliumia."

Mwalimu aliweka simu mapajani. Msichana wake kwenye kioo alikuwa amesimama kisimani bila mtu wa kumwendesha, na maji yakamfika. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutolewa kati ya arobaini.

"Ulisema hukuumia," akasema, sauti ndogo.

"Ulikuwa unalia, Baba. Ningesemaje?"

Mzee alishika mkono wa binti yake, ule wenye alama za kuungua kwa risasi ya kuunganishia, akaupapasa. Kisha akatazama kioo, kwa sababu kilikuwa kinawaka mapajani mwake, na pale alipozoea kuona mlima aliona ukingo wa mto na jiwe moja.

"Na hapa nifanye nini? Nimeanguka."

"Sogea huku," Yolanda akasema, akaiacha simu yake na kuegemea bega lake. "Huku napajua. Usiwatazame usoni, watazame miguu. Unamwona yule? Ataruka mapema, hatafika. Msukumie pale."

Mwalimu alisukuma jiwe kwa kidole. Mchezaji aliruka mapema, akalikanyaga, akavuka, akaendelea na mlima.

"Amejua ni mimi?"

"Hawezi kujua."

"Na wewe ulikuwa unafanya hivi? Pale kijitoni, nilipokuwa nakuona umekaa?"

"Kila siku, Baba."

Mwalimu alifuta macho kwa kiwiko, akasogeza simu karibu na uso, akaomba aonyeshwe jiwe la pili aliweke wapi.